Msimu wa Mwisho wa Angharad

Jumamosi, 2 Machi 2019

Baridi ya kukata masikio. Tumejitokeza watu tisa wa kujitolea kwenye reli yetu ya kale. Mwaka juzi tulikuwa ishirini na mmoja. Wengine wamekufa, wengine magoti yamekataa, mmoja kahamia Hispania kuota jua — heri yake.

Kazi ya leo: kufungua mabehewa yaliyolala tangu Novemba. Panya wamekula viti vya behewa la pili mpaka springi zimetokeza. Mapazia yameota ukungu. Nimesugua vitasa vya shaba hadi vidole vikafa ganzi. Halafu mvua ikaingia kupitia paa lile lile tulilolipaka lami mwaka jana!

Saa saba Mwenyekiti Prosser akatuita kwenye chumba cha abiria. Bado ana sauti ya mwalimu mkuu. Ukimsikia unatafuta dawati. Akasema kibali cha boila ya Angharad, injini yetu ya mvuke, kinakwisha mwisho wa Oktoba, na hakuna fundi wa kuifumua na kuiunda upya. Ikifika hapo ndiyo basi. Injini yetu tutaisimamisha jukwaani, watu wapige picha.

"Na mimi nisimamisheni hapo hapo," akasema Emlyn. "Ila mnipake rangi kwanza."

Tukacheka. Kicheko cha matangani.

Injini moja, dereva mmoja. Tangu tulipomzika Tudor mwezi wa kwanza, ni shemeji Emlyn peke yake aliyebaki na cheti cha kuendesha mvuke. Miaka sabini na minne. Gwilym wangu angekuwa hai angesema kaka yake huyu atazikwa ndani ya tanuru.

Nimerudi nyumbani nanuka panya.

Jumatatu, 22 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Treni ya kwanza ya msimu. Abiria kumi na wanane na mbwa watatu. Nilivaa koti langu la ugadi, vifungo vyote vinang'aa, nikapunga bendera ya kijani kuruhusu treni, kama malkia.

Safari ya kupanda, salama. Maili nne, dakika ishirini na tano, kama siku zote. Tulipoingia Blaen Helyg, stesheni ya juu — Emlyn akapitiliza! Behewa zima la mbele likatoka nje ya jukwaa. Mama mmoja kafungua mlango ashuke, chini yake hakuna kitu ila miiba. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Ikabidi turudi nyuma polepole huku abiria wakichungulia na kucheka.

Emlyn hajawahi kupitiliza. Miaka arobaini, hata mara moja.

"Reli zimelowa, shemeji," akaniambia.

Reli zilikuwa kavu kama kuni. Hatujapata mvua tangu Alhamisi, na kwa bonde hili huo ni muujiza.

Carwyn, mtia makaa wetu, alikuwa pembeni. Kwake duka la nyama wiki nzima, kwetu makaa Jumamosi na sikukuu. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Anafuta tu. Imeshakuwa safi, bado anafuta.

Alhamisi, 9 Mei

Sijui niandike nini. Niandike tu.

Emlyn alikuja kula, kama kila Alhamisi tangu Gwilym afariki. Supu ya kondoo na vitunguu liki, mkate, jibini. Tukaongea habari za paa. Akachukua birika ajimiminie chai — akaimimina pembeni ya kikombe. Mkono haukutetemeka. Alimimina kwa uhakika kabisa, kama vile kikombe kipo pale. Chai ikatambaa kwenye kitambaa cha meza, ikafika magotini kwake. Aliihisi kabla hajaiona.

Nikamtoa birika mkononi.

"Ni katikati, shemeji," akasema mwisho. "Pembeni naona. Ukikaa hapo naona mabega yako, naona dirisha, naona paka. Ila penye uso — ni kama mtu kabandika dole gumba juu ya kioo."

Tangu lini? Tangu kabla ya Krismasi. Jicho la kulia wanamchoma sindano hospitalini. Jicho! Sindano! La kushoto wameshamwambia halirudi. Gari ameacha kuendesha. Mimi kaniambia limeharibika, na miezi minne nzima nampa lifti huku nikimpa majina ya mafundi.

Nikamwuliza nani anajua. Wewe, akasema.

"Mpaka Oktoba tu. Angharad anazimwa, na mimi nazima. Usinizime mapema, shemeji."

Nikasema nini? Nikasema kunywa supu, inapoa.

Nimekiloweka kitambaa kwenye chumvi. Doa limegoma.

Jumapili, 2 Juni

Keshokutwa ni uchunguzi wa afya wa madereva. Yaani wa Emlyn, maana ni nani mwingine?

Baada ya ibada akaniomba nimpeleke stesheni. Nilijua. Nilijua tangu wimbo wa pili, alivyokuwa ananitazama. Ananitazama sikio, siku hizi.

Ile karatasi ya herufi za kupimia macho imening'inia nyuma ya mlango wa ofisi miaka na miaka. Haijawahi kubadilishwa. Akakaa kwenye kiti, kofia magotini. Mimi nasoma, yeye anarudia. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama watoto wa shule ya Jumapili na aya zao. Halafu tukazisoma kinyumenyume, kwa sababu Daktari Pugh wakati mwingine huwa anaanzia kulia. Dakika ishirini tu na zote zikamwingia. Anazitaja kwa sauti ya furaha, kifua mbele.

"S," akasema.

"Z," nikamsahihisha. "Siyo S. Z."

Mimi huyu! Mpishi wa shule miaka thelathini. Sijawahi kumpa mtoto wa mtu kipande cha kuku chenye uwekundu katikati. Leo nimekaa namfundisha kipofu kufaulu mtihani wa macho.

Najua kwa nini. Gwilym alipokufa, Emlyn alikuja kila asubuhi mwezi mzima. Haongei. Anawasha jiko, anaondoka. Hakuuliza unaendeleaje, maana aliona ninavyoendelea. Siku ya thelathini na kitu akaja na mabuti ya mpira ya saizi yangu. Gadi wetu kaacha, akasema, vaa twende. Nikavaa. Kama si siku ile sijui ningekuwa wapi. Labda ningekuwa bado nimekaa pale.

Kwa hiyo Z, siyo S.

Jumanne, 4 Juni

Kafaulu!

Daktari Pugh mwenyewe ana miaka themanini na mmoja. Alisahau miwani yake nyumbani, akaazima ya Prosser ili aione hiyo karatasi. Watu walicheka mpaka machozi. Emlyn alicheka kuliko wote. Mimi nikatoka nje kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Prosser kaandika ubaoni kwa chaki: *Dereva — E. Pryce*, wiki zote hadi Oktoba. Alipomaliza akanitazama kidogo. Kuliko inavyotakiwa. Au ni mimi tu.

Jumamosi, 20 Julai

Joto. Abiria sitini na wawili, siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Carwyn anaongea. Carwyn! Mtu ambaye ukimsalimu Jumamosi anaitikia Jumanne. Leo nilikuwa nimesimama karibu na injini nikamsikia: "Tumekubaliwa, Mzee Em. Mkono wa ishara umeshuka, njia nyeupe." Tunaingia stesheni: "Bado behewa moja... bado nusu... taratibu... sasa." Kama redio. Na treni ikasimama pale pale, mlango juu ya mstari.

Nikamfuata wakati anajaza maji.

"Carwyn, unajua?"

"Najua nini, dada?"

"Unajua."

"Mimi naongea na moto tu," akasema. "Moto ukisikia sauti unawaka vizuri." Hakunitazama.

Nikaanza kuangalia wengine. Mama wa kibanda cha chai hamwekei Emlyn kikombe mezani tena, anamtia mkononi kabisa. Mzee wa chumba cha ishara zamani alikuwa anampungia, sasa anapiga kelele za salamu. Hata yule anayefagia jukwaa: akimwona Emlyn anakuja, anasogeza ndoo.

Siri ya wawili ni siri. Ya watu tisa ni mkutano! Ila mkutano ambao hakuna anayefungua mdomo. Tunaizunguka kama maiti sebuleni, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme twendeni makaburini.

Jumatano, 14 Agosti

Mvua tangu Jumapili. Abiria watano. Tumefuta safari ya saa nane.

Nikatembea relini na koleo. Mataruma kumi na tisa chini ya reli yameoza kati ya hapa na daraja. Ukikanyaga, mbao inatoa maji kama sifongo. Nilimwambia Prosser. Akaandika kwenye daftari. Ana daftari kubwa la mambo ambayo hayatafanywa.

Emlyn alikuwa amekaa ndani ya Angharad, moto umezimwa, mkono juu ya mpini wa mvuke. Nikampelekea chai. Nikamtia mkononi — na mimi pia sasa!

Akaniambia hahitaji macho kwa njia hii. Kila kiungo cha reli anakijua kwa sauti. Darajani Angharad anakohoa. Kwenye kona ya shamba la Bebb analalamika. Kwenye mteremko anaimba.

"Na kitu kisichokuwa na sauti je?" nikamwuliza.

Akanywa chai. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeshavunja ncha ya penseli mara mbili. Mwandiko huu si wangu.

Safari ya kushuka, abiria thelathini na mmoja. Mimi nyuma, behewa la tatu, chumba changu cha gadi. Tumeingia kona ya Bebb, pale kuna kivuko cha shamba. Ghafla breki! Si breki ya Emlyn, yake ni laini kama siagi. Hii ilinirusha ukutani. Chupa ya chai ikaruka. Mtoto akaanza kupiga mayowe behewa la kati.

Nikashuka nikakimbia juu ya kokoto. Kondoo wawili wamekufa chini ya injini. Wa tatu yuko hai, miguu ya nyuma hana. Na kwenye nyasi amekaa Lowri Bebb mwenyewe, mke wa mwenye shamba, buti moja mguuni. Buti lingine lilikuwa katikati ya reli.

Aliruka. Alikuwa anawafukuza kondoo watoke, akaruka. Hakuumia ila kiwiko.

Hakulia wala hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alinishika koti.

"Nilimpungia, Nerys. Mikono yote miwili. Akachungulia dirishani, akanitazama. Usoni. Akanitazama hivi." Akanionyesha. "Halafu akaja."

Carwyn alikuwa ameinama anatia makaa. Alipoinua kichwa ndipo akaona, na yeye ndiye aliyevuta breki. Siyo dereva. Halafu akashuka, akaomba kisu kwa mume wa Lowri, aliyekuja mbio kutoka shambani, akammaliza yule kondoo wa tatu. Mtu huyu kachinja maelfu. Alirudi anafuta mikono kama kachinja binadamu.

Emlyn hakushuka.

"Nini? Nini, shemeji? Kondoo?"

"Kondoo."

"Kondoo tu?"

"Na Lowri."

Akavua kofia. "Yuko wapi? Kaumia? Yuko wapi?"

Lowri alikuwa amesimama mbele yake, hatua sita.

Jumapili, 8 Septemba

Sheria yetu inasema gadi ndiye anayeandika ripoti. Prosser aliniletea fomu nyumbani, akakaa akisubiri, akala vikeki vyangu vitatu.

Nikaandika: *Kondoo waliingia relini penye kona. Dereva alifunga breki mapema kadiri ilivyowezekana.*

Akasoma. Akakunja. "Vizuri, Nerys. Vizuri sana."

Hakuuliza swali hata moja! Mwalimu mkuu mzima, aliyekuwa anajua nani kamega chaki kwa kutazama vidole tu, hana swali.

Wana Bebb hawatashtaki. Baba yake Lowri alikuwa na Gwilym wakati ule wa kufyeka miti iliyoota relini, miaka ya kuifufua njia hii. Wameahidiwa uzio mpya. Lowri kasema sawa. Lakini leo kanisani alihamia upande mwingine, akakaa nyuma ya nguzo.

Nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi, 28 Septemba

Carwyn kaacha. Amekuja asubuhi na soseji kwenye karatasi, akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Siwezi kuwa mikono na macho, dada. Nikiinama kwenye makaa, treni haina mtu."

"Mwambie Prosser."

"Wewe ndiye gadi."

"Wewe ndiye uliyekuwa ndani."

"Wewe ndiye ndugu yake."

Tukasukumiana hivyo, kama kipande cha mwisho kwenye sahani, kila mtu anasema chukua wewe. Mwisho akanipa soseji akaondoka. Carwyn ni mtu mwema. Mimi pia nadhani ni mtu mwema. Ndiyo shida yetu.

Nikaenda kwa Emlyn. Nikamwambia Carwyn hayupo tena. Akasema atapatikana mwingine, zimebaki safari za Jumamosi nne tu. Nikamwambia: Lowri, shemeji. Lowri.

"Alisimama katikati," akasema. "Angesimama pembeni kidogo ningemwona." Akasema hivyo kama kosa ni la Lowri. Halafu akasikia alichokisema. Akafunika uso.

Siku tunamzika mdogo wake hakutoa chozi. Leo alilia mpaka mabega yakagonga kiti. Nikakaa nimeshika ile kofia yake. Nilidhani basi, yamekwisha, atasema mwenyewe. Alipomaliza akapenga kamasi, akaniuliza makaa yamefika?

Alhamisi, 24 Oktoba

Jumamosi ndiyo siku ya mwisho. Nafasi zote zimechukuliwa, watu mia na arobaini na sita. Miaka hii yote tunawabembeleza watu waje, hawaji. Sasa tunakufa — wanakuja wote!

Tangu Carwyn aache hatujatoa treni, lakini sasa mtia makaa amepatikana. Anaitwa Rodney, anatoka reli nyingine huko Uingereza. Kijana mchangamfu, anasema ni heshima kubwa kufanya kazi na Mzee Pryce. Hajui lolote. Hataita ishara kama Carwyn. Kwa nini aite? Dereva ana macho!

Leo nikasema. Nimekwenda mwenyewe nyumbani kwa Prosser. Alikuwa anapogoa mawaridi.

"Mwenyekiti, Emlyn haoni."

Akakata tawi moja. Akakata lingine.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Nikakosa pa kukaa. Kumbe alipokuwa anaandika ubaoni alijua. Alipokuwa anakula vikeki vyangu alijua.

"Maili nne, Nerys. Mwendo wa farasi mzee. Siku moja. Ukimtoa, hakuna treni. Hao mia na arobaini na sita nitawaambia nini?"

"Na akiwepo mtu relini?"

"Nitaweka watu kwenye vivuko vyote."

"Watu gani? Tumebaki wanane!"

Akatazama mkasi wake. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mimi sikumwambia kitu na yeye hakusikia kitu, na asante kwa kupita.

Nilikuwa nadhani ukishalisema, mtu mwingine anakupokea. Kama mzigo wa kichwani, unaufikisha mlangoni, mwenye nyumba anakutua. Nimeufikisha. Nimerudi nao.

Nimepiga simu kwa wakaguzi wa reli. Ikaita. Sauti ya msichana ikasema habari za mchana. Nikakata.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemkuta Emlyn anang'arisha vifungo vya koti, kwa kupapasa. Kila kifungo anakizungusha kidole gumba, kisha kitambaa, kisha kidole tena.

Nikamwomba. Kwa jina la Gwilym nikamwomba. Safari zifutwe, Angharad awashwe moto, asimame jukwaani, watu wapande waone, yeye awashikishe watoto honi. Au akae na mimi nyuma, kama abiria.

"Abiria?" akasema. Kama nimesema maiti.

Hakukasirika. Ningependa akasirike.

"Shemeji, nikishuka pale sipandi tena popote. Wewe unarudi jikoni kwako, una paka, una kanisa, una herufi zako za kusoma. Mimi kesho kutwa nakaa kwenye kiti hiki natazama dole gumba."

Halafu akaniomba nimpigie kofia brashi, yeye haoni vumbi.

Nikaipiga brashi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika ndani ya chumba cha gadi. Penseli, daftari gotini. Pont Helyg, stesheni yetu ya chini, jukwaani. Tulitakiwa kuondoka saa nane na dakika kumi. Sasa ni saa nane na dakika kumi na tisa.

Niandike kila kitu kwa utaratibu.

Mvua nyembamba. Watu wamejaa mpaka daraja la miguu. Watoto mabegani mwa baba zao. Bendi ya tarumbeta chini ya paa, ile sehemu isiyovuja. Angharad kavalishwa shada la maua kifuani kama bibi harusi. Prosser kahutubia vizuri. Kanitaja na mimi. Wakapiga makofi.

Nilimwuliza Prosser nani yuko kwenye vivuko. Wawili tu. Kona ya Bebb? Akasema aliyepangwa pale goti lake limemkatalia leo. Kwa hiyo kona ya Bebb hakuna mtu.

Halafu Rodney, anacheka, kaniambia amepita huko kwa gari asubuhi. Wapiga picha wamejaa kona nzima, akasema. Wamekanyaga uzio, wamesimama hadi juu ya mataruma, kila mtu anatafuta mahali pazuri. "Watu wa picha ni wendawazimu, mama! Wanatoka sekunde ya mwisho."

Sekunde ya mwisho.

Milango imefungwa. Ishara imeshuka. Mvuke upo. Kimebaki kitu kimoja tu, kibendera changu cha kijani, nacho kiko chini ya kwapa langu, kimekunjwa. Nikikinyoosha dirishani tunaondoka. Mkono unataka kukinyoosha wenyewe, umezoea, miaka minne umefanya hivyo. Ndiyo maana naandika. Mkono uwe na kazi nyingine.

Amepiga honi. Mara moja.

Bendi wamemaliza wimbo wao. Wameanza tena ule ule.

Na dakika ishirini na mbili. Prosser kule mbele ananionyesha saa yake. Natazama chini. Mtoto behewa hili anauliza, baba, tunaondoka? Sasa hivi, anasema baba yake. Sasa hivi.

Honi. Mara mbili.

Ningeweza kwenda mbele ya watu wote nikasema. Maneno ni mawili tu, dereva haoni. Nimeyajaribu kimya kimya, midomo inayajua. Miguu ndiyo haitaki.

Emlyn ameshuka.

Anakuja huku. Koti, vifungo, kofia niliyoipiga brashi. Anatembea na mkono kwenye ubavu wa mabehewa, anagusa kitasa kimoja kimoja. Watu wanampisha. Wanampigia makofi! Wanadhani ni sehemu ya sherehe, dereva mzee anaaga mabehewa yake. Mwanamke mmoja analia. Emlyn anagusa kofia, anatabasamu kuelekea kwenye kelele.

Kamaliza behewa la kwanza.

La pili.

Karibu na mlango wa behewa langu kuna mama mmoja simjui. Koti jeusi, kimo changu, anasubiri kumpungia mtu aliye ndani. Emlyn amefika kwake. Amesimama. Amevua kofia.

"Shemeji," anamwambia, polepole, sauti ile ya Mei. "Mbona hunipi kijani? Watu wanasubiri."

Yule mama anacheka kidogo. Anatazama nyuma yake, pengine anaambiwa mwingine.

Emlyn ananyoosha mkono. "Shemeji?"

Makofi yanapungua. Yamekatika. Rodney amechungulia kutoka kwenye injini, anatazama, uso unaanza kubadilika. Prosser ameinamisha kichwa. Bendi bado wanapiga, wao hawaoni kutoka pale walipo.

"Nerys," anamwambia yule mama. "Sema basi. Nerys?"

Mimi niko hatua nne tu kutoka kwake, dirisha wazi. Sijaitika.